Nyumba Iliyoanzia kwenye Beseni

Mvua ya Bergen haiombwi. Mji huo wa pwani ya magharibi ya Norwei hupata takriban milimita 2,250 kwa mwaka, karibu mara mbili ya zinazonyesha Dar es Salaam, na nyingi ni manyunyu ya kutwa nzima, si mvua ya masika inayopiga kwa fujo kisha ikaliachia jua. Hakuna wa kushangaa, basi, kwamba utabiri wa kisasa wa hali ya hewa ulilelewa huko. Mwaka 2017 Taasisi ya Jiofizikia ya Bergen ilitimiza miaka 100, na pongezi nyingi zilitaja mvua, pepo na mawingu. Zinastahili. Sisi tutachelewa kidogo kufika kwenye mawingu, kwa sababu tunataka kuanzia mahali ambapo hotuba za sherehe huparuka: kwenye beseni la maji.

Mwaka 1881 Paris iliandaa maonyesho makubwa ya umeme. Watu walimiminika kutazama taa za Edison na kuweka sikio kwenye simu. Katikati ya mitambo hiyo alisimama profesa wa hesabu kutoka Christiania, mji ambao leo ni Oslo, jina lake Carl Anton Bjerknes, na alichokuja nacho ni maji. Ndani ya maji kulikuwa na vigoma vidogo vilivyowambwa viwambo vyembamba, kila kimoja na mrija wake uliokwenda kwenye pampu. Pampu ikipuliza, kiwambo kinafura, ikivuta, kinabonyea. Fundi wa pampu alikuwa mwanawe Vilhelm, kijana wa miaka 19. Vigoma viwili vikifura pamoja na kubonyea pamoja, vilivutana ndani ya maji bila kuguswa na chochote kingine. Vikipishana, kimoja kikifura wakati mwenzake anabonyea, vilisukumana. Mzee na mwanawe walirudi nyumbani na diploma ya heshima.

Profesa wa maji alifuata nini kwenye maonyesho ya umeme? Alifuata swali lililomsumbua tangu ujana wake: sumaku inaivutaje sindano iliyo mbali, bila kamba wala mkono? Wakubwa wa elimu walikuwa wamezoea kusema kwamba kani huruka tu kutoka kitu hadi kitu. Carl Anton hakuridhika. Miaka ya 1850 alisoma Göttingen na Paris, akamsikiliza Dirichlet akieleza jinsi tufe linavyokwenda ndani ya kimiminika kisicho na msuguano, na tangu hapo akashikilia wazo moja: pengine kati ya sumaku na sindano kuna kitu kinachojaa kote, etha kama walivyokiita, na kitu hicho ndicho kinachopeleka msukumo. Akikokotoa mwendo wa matufe mawili yanayopumua majini, alipata kani inayopungua kwa mraba wa umbali, sawasawa na ile ya sumaku na umeme. Umbali ukiwa mara mbili, kani hubaki robo.

Kulikuwa na dosari moja tu, nayo kubwa. Ncha mbili za sumaku zinazofanana husukumana; vigoma viwili vinavyofanana mwendo huvutana. Beseni lilikuwa kioo kilichoonyesha kila kitu vizuri, ila kulia kwake kushoto. Mzee aliishi na dosari hiyo kwa ustahimilivu ambao sisi wahariri, tunaokimbilia kufuta aya yenye kasoro, hatuna.

Kwa nini vivutane? Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa kuwa jambo lenyewe ni tamu na mara nyingi hufichwa nyuma ya hesabu. Tuchukue viputo viwili vya hewa majini tuviite Kulwa na Doto. Kulwa anatanuka na kusinyaa. Akisinyaa hadi mwisho, hewa iliyo ndani yake imebanwa sana, nayo huyasukuma maji ya jirani yaende nje. Akitanuka hadi mwisho, hewa ile imekuwa hafifu, na maji ya jirani huvutwa yarudi kwake. Kwa hiyo Doto, aliyekaa pembeni, katika kila pumzi ya nduguye hupata misukumo miwili: wa kumwondoa na wa kumleta. Kama Doto angekuwa na umbo lisilobadilika, angeyumba huku na huku na kubaki palepale.

Lakini Doto naye anapumua, na msukumo wa maji humshika kwa kadiri ya ukubwa alionao wakati huo. Mabaharia wetu walilijua hili bila kalamu. Jahazi linalotweka tanga kaskazi ikivuma na kulitua kusi ikiingia litakwenda upande mmoja tu, hata pepo hizo mbili zikiwa na nguvu sawa. Ukubwa wa Doto ndio tanga lake. Akipumua sawia na Kulwa, huwa mkubwa wakati ule ule Kulwa ni mkubwa, yaani wakati maji yanamleta. Na maji yanapogeuka kumwondoa, tayari ameshatua tanga. Hatua ndogo ya kuja, hatua ndogo zaidi ya kurudi, tena na tena, maelfu ya mara kwa sekunde, na hatimaye mapacha wanagusana. Wakipishana pumzi, tanga linatwekwa kwa upepo wa kuondokea, nao wanaachana.

Watu wanaofanya kazi na viputo leo huiita kani hii kwa jina la Bjerknes, na wana maneno mawili: ya kwanza na ya pili. Ya pili ni hiyo ya Kulwa na Doto. Ya kwanza ni ile ambayo sauti yenyewe hukisukuma kiputo kimoja ndani ya maji. Sauti inapokwenda na kurudi kati ya kuta za chombo, kunakuwa na mahali kanieneo inapanda na kushuka sana, na mahali pengine imetulia. Viputo vidogo hukimbilia kwenye vurugu. Vikubwa hukimbilia kwenye utulivu.

Vidogo na vikubwa kwa kipimo gani? Kila kiputo kina mlio wake wa asili, kama mtungi ulivyo na wake ukipuliziwa mdomoni. Marcel Minnaert, Mbelgiji aliyefundisha Utrecht, Uholanzi, aliuandikia hesabu mwaka 1933 alipotaka kujua kwa nini maji ya kijito huimba. Kiputo chenye nusu kipenyo cha milimita moja, karibu na uso wa maji, hulia mitetemo kama 3,260 kwa sekunde. Cha milimita mbili hulia nusu ya hapo. Ule mlio wa maji yanapomiminwa mtungini, ambao kila mtoto aliyetumwa kisimani anaujua, ni viputo vinavyozaliwa na kutetema. Sasa piga sauti ya kiwango fulani majini. Viputo vidogo kuliko kile ambacho sauti hiyo ni mlio wake hutanuka kanieneo ikishuka, kama tunavyotarajia. Vikubwa huchelewa, vikawa vinatanuka wakati kanieneo inapanda. Matokeo yake, vidogo kwa vidogo huvutana, vikubwa kwa vikubwa huvutana, na mdogo na mkubwa hufukuzana. Wakisogeleana hata milio yao hubadilika: viputo viwili vinavyopumua sawia hulia chini kuliko kimoja peke yake, na vinavyopishana hulia juu. Hapo kiputo kilichokuwa "mdogo" chaweza kuhamia kundi jingine kwa sababu tu ya jirani yake. Ndiyo maana wingu la viputo halielezeki kwa kuhesabu kiputo kimoja kimoja kisha kujumlisha.

Turudi kwa wenye beseni. Carl Anton alikuwa mwoga wa kuchapisha. Kila alipokaribia kumaliza aliona kona nyingine ya kusafisha. Vilhelm, aliyempenda baba yake na kumwogopea, aliona kwamba akiendelea kupiga pampu pembeni mwake atakuja kuwa mpweke kama yeye, akaondoka. Akaenda Paris kumsikiliza Poincaré, kisha Bonn akawa msaidizi wa Hertz, mtu aliyethibitisha mawimbi ya umeme. Ila deni la mzee hakulikimbia: mwaka 1900 na 1902 alitoa vitabu viwili vilivyoipanga nadharia ya baba yake. Mzee alifariki mwaka 1903.

Na ilikuwa katika kulipa deni hilo ndipo hali ya hewa iliponyemelea. Kanuni za Helmholtz na Kelvin zilisema kwamba katika kimiminika kisicho na msuguano mzunguko hauzaliwi wala haufi. Vilhelm, akiwa Stockholm, alijaribu kuzitumia kwa matufe ya baba yake na kukwama, kwa sababu tufe linalopumua lina uzito tofauti na maji yanayolizunguka. Alipokiruhusu kimiminika chake kiwe na uzito unaobadilika si kwa kanieneo pekee bali pia kwa joto au chumvi, mzunguko ukazaliwa mbele ya macho yake. Hiyo ndiyo kanuni aliyoitoa mwaka 1898. Wenzake wa Uswidi waliiona kabla yake: bahari na anga ndizo hasa vimiminika vya namna hiyo, na upepo wa bahari unaotupoza jioni ni mfano wake mdogo kabisa. Mwaka 1904 aliandika kwamba hali ya hewa ya kesho ingeweza kukokotolewa kutokana na ya leo kwa kanuni za fizikia. Kompyuta haikuwapo.

Mwishoni mwa 1905 alikwenda Marekani na bidhaa mbili katika sanduku moja. New York alihutubia juu ya matufe yanayopumua na nyuga za kani. Washington alieleza ndoto yake ya hali ya hewa. Bidhaa ya kwanza ilisikilizwa kwa adabu. Ya pili ilimpatia ruzuku ya Taasisi ya Carnegie, iliyoendelea kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka huo huo wa 1905 Einstein alikuwa ameandika kwamba fizikia haihitaji etha. Kioo cha mzee hakikuwa na kitu tena cha kuakisi.

Tunasema hivi bila kejeli. Taasisi nyingi zikifikisha miaka 100 hujichongea ukoo ulionyooka, kana kwamba mwanzilishi aliamka asubuhi akijua atakachojenga. Ukoo wa Bergen una kosa la heshima ndani yake: mtu aliyetafuta siri ya sumaku majini, akaikosa, na katika kuikosa akaacha ukweli kuhusu maji ambao haujapata kukanushwa.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, tutayapita haraka. Mwaka 1913 Vilhelm alihamia Leipzig kuongoza taasisi ya jiofizikia. Vita vikaja, wanafunzi wakaitwa jeshini. Mmoja wao, Herbert Petzold, aliuawa Verdun mwaka 1916, na utafiti wake wa mistari ambapo pepo hukutana ukachukuliwa na Jacob, mtoto wa Vilhelm, ambaye alikuwa bado hajafikisha miaka 20. Mwaka 1917 Bjørn Helland-Hansen, mtaalamu wa bahari, aliyekuwa akishirikiana na Fridtjof Nansen, aliwaleta Bergen, na taasisi ikaanzishwa chini ya Makumbusho ya Bergen. Chuo kikuu kilikuja baadaye sana, mwaka 1946. Norwei haikuwa vitani, lakini taarifa za hali ya hewa kutoka ng'ambo zilikatika na chakula kilikuwa haba. Mkulima alihitaji kujua lini akaushe majani yake. Mwaka 1918 wakaanza kutabiri, wakijaza pwani vituo vya kuangalia anga, na mwaka uliofuata Jacob akachapisha mchoro wa tufani uliobadilisha kazi nzima. Hewa baridi na hewa ya joto zinagongana kwenye mstari, wakauita kwa jina la mstari wa mbele wa vita. Mwaka 1928 taasisi ikapata jengo lake lenye mnara, na bado liko.

Kuna sadfa moja hatuwezi kuiacha. Mwaka huo huo wa 1917 Lord Rayleigh, Uingereza, alichapisha hesabu ya kiputo kinachoporomoka majini, akitafuta kwa nini parafujo za meli huliwa kama zimegongwa nyundo. Jibu: kiputo kikianguka ndani yake chenyewe hukusanya kanieneo ya kutisha mahali padogo. Mlango mmoja wa nyumba ya viputo ulikuwa unafunguliwa London wakati familia yenye ufunguo wa mlango mwingine inahamia Bergen na kugeukia mawingu.

Sherehe isitufanye tusahau la kwetu. Mchoro wa Bergen ulichorwa kwa tufani za latitudo za juu, na ulipoletwa nchi za joto haukukaa sawa. Kwa miaka mingi ukanda wa mvua unaopanda na kushuka juu ya Afrika Mashariki ulielezwa kana kwamba ni mstari wa mapambano ya hewa baridi na hewa ya joto. Sivyo ulivyo. Mvua yetu ya masika na vuli ina mantiki nyingine, na ilichukua muda vitabu kukubali.

Msaada ulitoka kwa mjukuu akiwa uzeeni. Jacob alihamia Marekani, na mwaka 1969, akiwa California, alionyesha kwamba joto la bahari ya Pasifiki na mzunguko wa hewa juu yake ni kitu kimoja chenye mapigo. Maji ya mashariki yakipata joto, pepo zinazovuma kuelekea magharibi hulegea. Zikilegea, maji huzidi kupata joto. Kila upande humpa mwenzake nguvu. Msomaji wa Kenya na Tanzania hahitaji kuambiwa hilo linaitwaje: mvua za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, barabara ya Mombasa ilipokatika na homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo, tumeziita mvua za El Nino hadi leo, hata mtoto aliyezaliwa baadaye anaijua kalenda hiyo. Ni kweli Bahari ya Hindi nayo ilikuwa na mchango wake mwaka ule, lakini mlango wa kuielewa El Nino ulifunguliwa na Jacob. Hatudai kwamba alikuwa akifikiria beseni la babu yake. Tunasema tu kwamba familia hii kwa vizazi vitatu iliangalia jambo moja: vitu viwili vinavyopigana mapigo kupitia kilicho kati yao.

Na viputo vyenyewe? Vimerudi kwa njia ambayo mzee asingeiota. Katika uchunguzi wa moyo kwa altrasaundi, daktari anaweza kuingiza kwenye mshipa viputo vidogo vya gesi vyenye ganda, vidogo kama chembe nyekundu za damu au chini ya hapo. Mlio wao uko kwenye mitetemo mamilioni kwa sekunde, ambako ndiko mashine hufanyia kazi, kwa hiyo damu iliyokuwa giza hung'aa kwenye kioo. Vikipigwa sauti, husukumwa kuelekea ukuta wa mshipa na kukusanyana vishada, Kulwa na Doto kwa maelfu. Watafiti wanajaribu kuitumia tabia hiyo kupeleka dawa mahali panapoumwa. Chombo cha mafundi saa na madaktari wa meno cha kusafishia vifaa kwa sauti hufanya kazi kwa viputo vinavyokusanyika na kuporomoka. Na mwamba wetu wa matumbawe una fundi wake wa viputo: kamba mdogo anayealisha gando. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mlio ule hautoki kwenye gando kugonga gando, bali kwenye kiputo kinachozaliwa na mkondo wa maji wa kasi kisha kikaporomoka. Anayezamia Mafia au Watamu ameusikia kama mafuta yanayokaanga.

Kiungo cha karibu zaidi nasi kinabeba jina la yule yule Nansen. Tangu 1975 meli ya utafiti iitwayo Dr. Fridtjof Nansen, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa na kuendeshwa na wataalamu wa bahari wa Bergen, imekuwa ikipima samaki katika bahari za nchi zinazoendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilipima maji ya Kenya na Tanzania. Meli ya tatu yenye jina hilo ilianza kazi mwaka 2017, mwaka ule ule wa yubile. Hupima kwa mwangwi, na sehemu kubwa ya mwangwi wa samaki kama dagaa haitoki kwenye nyama wala mifupa, hutoka kwenye kibofu cha hewa tumboni. Kwa sikio la meli, samaki ni kiputo chenye mapezi, na kundi la dagaa ni wingu la viputo. Kwa sauti nyembamba za juu zinazotumiwa kila siku, vibofu huhesabika karibu kama vitu vilivyo mbalimbali. Ukishuka kwenye sauti nzito, karibu na mlio wa vibofu vyenyewe, samaki waliosongamana huanza kupigana mapigo na hesabu ya kujumlisha huharibika. Mvuvi anayeweka sikio kwenye kafi lililozamishwa majini kusikiliza samaki yuko karibu na jambo hili kuliko anavyojua.

Jambo la ajabu ni kwamba warithi wa familia hii hawakutani. Daktari wa altrasaundi hulitaja jina la Bjerknes akimaanisha mzee. Mtabiri hulitaja akimaanisha mwana. Mtaalamu wa tabianchi humaanisha mjukuu. Tumewahi kukaa meza moja na mtabiri na fundi wa altrasaundi, kila mmoja akidai Bjerknes ni wake, na chai ikapoa kabla hawajagundua kwamba wote wana haki.

Kwa hiyo, pamoja na pongezi zetu kwa Taasisi ya Jiofizikia, tuna ombi moja dogo kwa wenyeji wake. Pale mlangoni, kabla ya wageni kupanda kuelekea mnarani kutazama mvua, wekeni meza, beseni la maji, vigoma viwili na pampu. Mpeni kijana wa miaka 19 aipige.